Kehinde Ndani ya Kamera

Kompyuta mpya ya Kasali ilikataa kusoma kamera. Kila alipochomeka waya ilitoa mlio mfupi, kama mtu anayesonya, kisha ikanyamaza. Kasali aliuchomoa, akaufuta mdomo wa waya kwa pindo la shati lake, akachomeka kwenye tundu la upande wa pili. Ikasonya tena.

"Inatusonya," alisema. "Nimeinunua juzi tu, tayari ina kiburi."

Sikucheka. Nilikaa kwenye benchi la wateja pale studioni kwake, Taiwo mgongoni, macho yangu kwenye ile kamera ndogo ya rangi ya fedha. Mwanangu Kehinde alikuwa humo ndani.

Taiwo na Kehinde ni mapacha wangu. Taiwo alitangulia kutoka, Kehinde akafuata, na kwetu anayefuata ndiye mkubwa, kwa sababu yeye ndiye aliyemtuma mwenzake: nenda ukaonje dunia, ukiiona tamu uniite. Walikuwa hawajatimiza miaka miwili Kehinde aliposhikwa na homa, mvua ndiyo kwanza zinaanza. Hakuugua siku nyingi. Hapa mjini kwetu Iseyin pacha hasemwi kuwa amekufa. Husemwa amesafiri. Ndivyo ninavyowajibu wale ambao habari haijawafikia, wanapokuja kununua bagia za kunde kibandani kwangu na kuniuliza mbona leo nina mmoja tu.

Tangu aliposafiri, Taiwo ameacha kula. Nikimpa uji anaushika mdomoni mpaka unamtiririka kifuani. Zahanati walimpima wakasema hawaoni ugonjwa. Mama mkwe wangu akasema ugonjwa anaujua yeye.

"Mkubwa akiita, mdogo atakataa?" aliniuliza. "Mtafutie Kehinde pa kukaa humu ndani, mke wetu, atulie. Asipopata pa kukaa atamwita mwenzake wakakae wote huko."

Zamani pa kukaa palikuwa ni sanamu ya mti, ikaogeshwa na kulishwa kama mtoto. Mume wangu Mufutau, ambaye ni mfumaji wa vitambaa, alisema sheikh hatakubali sanamu nyumbani kwake. Mama yake akasema basi iwe picha. Sheikh mwenyewe anayo picha ukutani, tena ya kwake.

Na picha ya Kehinde duniani kote ilikuwa moja. Idi ya kuchinja iliyopita Sidikatu, dada wa mume wangu, aliwavalisha kanzu na kofia za kitambaa alichofuma baba yao, akawapeleka kwa Kasali. Mimi nilibaki jikoni na nyama. Picha hatukwenda kuzichukua. Tulisema kesho, na kesho nayo ikasema kesho. Kisha umeme ulirudi siku moja kwa nguvu ukaiunguza kompyuta ya zamani ya Kasali na kila kilichokuwemo.

"Lakini za wanao sikuwa nimeziingiza humo," aliniambia nilipomwendea nikilia. "Siku ile kadi ya kamera ilikuwa imejaa picha za harusi, nikaichomoa. Kamera yenyewe ina tumbo lake dogo, linashika picha chache. Zimo tumboni."

Tatizo lilikuwa kwamba ile kamera ilishaanguka. Kioo chake cha nyuma kilipasuka kikawa cheusi tii, huwezi kuona picha wala maandishi. Kasali alinunua kamera kubwa na hiyo ndogo akaitupia kabatini. Njia ya kumtoa mwanangu ilikuwa ni ule waya, na kompyuta mpya haikuutaka.

Kasali aliizima kompyuta, akaiwasha. Alichaji betri ya kamera kwa jenereta mpaka jenereta ikaanza kukohoa. Mwishowe alimwita Ikenna, aliyemuuzia kompyuta. Ikenna ni mtu wa mashariki ya nchi, ana duka karibu na stendi. Lugha yetu anaisema vizuri ila anaitafunatafuna.

"Kosa liko wapi?" Ikenna aliuliza, hajakaa bado.

"Kosa ni kompyuta uliyoniuzia."

"Kompyuta yangu haina kosa. Kamera yako ni bibi kizee, Kasali. Umemwozesha kwa kijana, halafu unashangaa hawaelewani."

"Kijana gani? Hiyo kompyuta ina mvi kuliko mimi. Umeipaka rangi tu."

"Uliponunua hukuona mvi. Uliona bei."

Alichomeka waya, akasikiliza ule msonyo. Akasema waya ni mzima, tundu ni zima, kinachokosekana ni mkalimani: programu ya kuiwezesha kompyuta kuelewa kamera ya zamani namna ile. Ilikuwa ikija na sahani yake ya CD. Kasali alisema sahani waliichezea watoto. Ikenna akaunganisha simu yake na kompyuta ili aitafute mtandaoni. Mtandao ukaja ukitambaa, mstari mmoja wa kijani ukisogea kwenye kioo, ukisimama, ukisogea.

Tukangoja. Taiwo alikuwa mwepesi mgongoni. Nilikuwa nimeufunga mtandio ule ule ninaowabebea tangu wakiwa wachanga, na sasa ulinizunguka mara mbili na kubaki.

"Ni picha gani hii inayowatesa hivi?" Ikenna aliuliza. "Si mtoto huyu hapa? Mpigeni nyingine."

"Ni ya pacha mwenzake," alisema Kasali.

"Naye yuko wapi?"

"Amesafiri," nilisema.

"Basi akirudi wapigeni wote wawili kwa kamera kubwa. Bibi kizee mwacheni apumzike. Au huko alikoenda harudi?"

Kasali alikohoa. Ikenna alimtazama, akanitazama mimi, akautazama mguu wa Taiwo uliokuwa ukining'inia kiunoni pangu. Akageukia kompyuta na hakutania tena.

Ule mstari ulipokwama kabisa, Kasali alivuta kiti akakaa karibu yangu.

"Mama Pacha, njia nyingine ipo, unaijua. Tumpige Taiwo mara mbili, mara moja upande huu na mara moja upande ule, niwaunganishe. Nani hajafanya? Mama yangu mwenyewe ana picha ya hivyo chumbani."

"Hapana."

"Si sura ni ile ile?"

"Sura ni ya wote wawili, Kasali. Anayeitwa ni mmoja. Nikimkalisha Taiwo kwenye kiti cha Kehinde, si nitakuwa nimempeleka kwa mkono wangu?"

Alikirudisha kiti mahali pake.

Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa mstari ulipofika mwisho. Ikenna aliizima kompyuta, akaiwasha, akachomeka waya. Safari hii haikusonya. Ilitoa sauti mbili, ya chini na ya juu, kama mtu anayeitikia mlangoni. Picha zikaanza kujipanga kwenye kioo, ndogondogo. Bibi mwenye kilemba kikubwa. Kondoo aliyefungwa kamba. Benchi tupu.

"Hawa hapa," alisema Kasali. "Nilikwambia zimo tumboni. Huyu Taiwo."

Mtoto alikuwa amekaa upande wa kushoto wa kiti kirefu, kanzu ya buluu, kofia imemzidi kichwa.

"Na huyu ndiye Kehinde."

Mtoto amekaa upande wa kulia. Kanzu ile ile, kofia ile ile. Ikenna aliikuza picha mpaka uso ukajaa kioo chote. Wanaume wote wawili walinigeukia ili wanione nikifurahi.

Niliangalia. Watu huniuliza nawatofautishaje, nami sijawahi kuwa na jibu. Ni kama kuujua mkono wako gizani.

"Nionyeshe nyingine," nilisema.

"Nyingine hakuna. Baada ya hapo ni watu wa Idi."

"Huyu ni Taiwo."

"Taiwo ni yule wa kwanza."

"Yule ni Taiwo. Na huyu ni Taiwo."

Kasali aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Alirudi kwenye picha ya kwanza, akaenda kwenye ya pili, akarudi. Kisha akakaa chini taratibu.

"Mmoja alikuwa amelala," alisema. "Sasa nakumbuka. Alikuwa mgongoni kwa shangazi yake. Sidikatu alitaka kumwamsha nikamwambia mwache, mtoto akiamshwa atalia, na watu wa Idi walikuwa wamejaa mpaka nje. Nikamhamisha huyu upande wa pili. Nilisema nitawaunganisha." Alijifuta uso. "Mapacha ni wengi mji huu, Mama Pacha. Tunafanya hivyo kila siku. Nilimwonea huruma, alikuwa amelala vizuri."

Sidikatu naye hakuona kuwa ni jambo la kusema. Lingekuwa jambo gani, wakati ule?

Ikenna alitafuta tena, pole pole, kila mahali anapopajua, kama anayegeuza mifuko ya mtu. Hakukuwa na kitu. Akiwa bado anatafuta, betri iliisha na kamera ikarudisha jicho lake ndani, ikafunga.

"Zimeshaingia kwenye kompyuta?" niliuliza.

"Hizo mbili zimeingia."

"Ziunganishe. Chapisha."

Kasali alinitazama. "Ulisema..."

"Nilisema. Kumbe Taiwo alishakaa kwenye hicho kiti mwenzake akiwa hai. Mama mkwe ananingoja nimletee watoto wawili. Mpe wawili."

"Nimweleze?"

"Usimweleze."

Aliwaunganisha vizuri sana, mshono hauonekani. Ukiitazama utasema ni ndugu wamekaa bega kwa bega, kila mmoja anamtazama mpiga picha. Ikenna alikataa malipo. Aliipenyeza ile picha ndani ya bahasha mwenyewe, akanifungulia mlango.

Mama mkwe alikuwa ameshapika maharage kwa mafuta ya mawese, chakula cha mapacha. Aliipokea picha kwa mikono miwili, akaibusu upande wa kulia.

"Mkubwa wangu," alisema. "Umerudi. Umeona, mke wetu? Tazama anavyoangalia kama mtu mzima. Mwenzake daima alikuwa na macho ya uoga."

"Ndiyo, mama," nilisema.

Aliisimamisha juu ya kigoda, akaweka mbele yake sahani ndogo ya maharage, na nyingine kando, ya Taiwo. Nilimfungua Taiwo nikamkalisha mkekani. Alitambaa mpaka kwenye kigoda. Alianza kutembea mwaka jana lakini siku hizi hutambaa.

"Huyu nani?" bibi yake alimuuliza, kidole upande wa kulia.

"Kende."

Mama mkwe alicheka, macho yamemjaa machozi. "Umesikia? Amemjua. Na huyu wa kushoto?"

Taiwo aliangalia. Nyumbani kwetu hakuna kioo ila kile kipande cha baba yake cha kunyolea ndevu, kiko juu. Uso ule alikuwa ameuona kwa mtu mmoja tu maisha yake yote.

"Kende," alisema.

"Hapana, mume wangu mdogo. Huyo ni Taiwo. Taiwo yuko wapi?"

Mtoto aligeuka akatazama mlangoni.

Mama mkwe aliacha kucheka. Alinigeukia. "Mke wetu, mbona hajioni?"

"Bado mdogo, mama."

Taiwo alichovya vidole kwenye sahani, akatoa harage moja, akalibandika kwenye mdomo wa mtoto wa kulia. Mafuta yakatambaa kwenye karatasi. Akatoa jingine, akalibandika kwa wa kushoto. "Kula," aliwaambia. Nilimsogezea kijiko mdomoni mwake. Alifunga midomo, akaendelea kuwalisha.