Mpira wa Nne

Pu. Kimya kidogo, kisha pu tena. Sauti ilitoka nyuma ya uwanja wa besiboli, na wauza ndizi za kukaanga pale getini waliijua bila kugeuka. Leuris Guilamo alikuwa akilipiga tairi lililofungwa kwenye nguzo. Alianza saa nne asubuhi. Viganja vilishachubuka, gongo lina damu, na bado alipiga.

Jana aliiangusha timu mbele ya mji mzima wa San Pedro. Zamu ya tisa, ya mwisho, matokeo sare, wenzake wamejaa vituo vyote vitatu. Mrushaji alikuwa ametupa mipira mitatu ya nje, isiyofaa kupigwa. Wa nne ukienda nje bila kuguswa, mpigaji hutembea bure hadi kituo cha kwanza, wenzake husogea, na wa mbele huingia kituo cha nyumbani na ushindi. Kocha alimwashiria asimame tu. Mpira ukaja chini, usawa wa kifundo cha mguu, na Leuris akaupiga. Ukapaa, ukashukia kwenye glavu ya adui, na nafasi ikapotea. Katika zamu za nyongeza wakafungwa.

"Leuris," muuza ndizi mmoja alimwuliza asubuhi ile, "hata nzi akikatiza unamrushia gongo?"

Kocha, Don Fausto Berroa, alikuja akichechemea, akasimama mbali na gongo. Alisema kesho, katika mechi ya kuamua nani anaingia fainali, nafasi ya Leuris atapewa mwingine, mtu anayejua kusubiri. Alisema mpigaji wa miaka thelathini na sita asiyeweza kusimama sekunde moja ni heri akae benchi.

Leuris aliliacha tairi. Kusubiri. Huko Kaskazini nako, kwenye ligi za ng'ambo, kwa miaka kumi na moja, walimwimbia neno hilohilo, kana kwamba alizaliwa na papara. Nani alikumbuka kiwanja cha kando ya mashamba ya miwa, wageni waliokuja kusaka vijana wa kupeleka Kaskazini wamekaa kwenye viti vya plastiki na madaftari yao? Hakuna mgeni aliyewahi kuandika jina la aliyetembea. Mwenzake Benicio alikuwa na jicho kali kuliko wote. Siku ile aliiacha mipira ya nje yote, akatembea mara nne, na madaftari yakafungwa. Leuris aliupiga mpira uliokwisha kudunda chini, ukapotelea kwenye miwa, na mwezi uliofuata akapanda ndege. Benicio hadi leo anakata miwa ileile.

Na aliyewafundisha kupiga kila kitu alikuwa amesimama hapa mbele yake.

Leuris alipandisha suruali hadi gotini. Kwenye muundi palikuwa na makovu mawili membamba.

"Unayajua haya, mzee?"

Don Fausto alitazama kando.

"Nitazame. Kila nilipouacha mpira upite, ulinichapa kwa mua. Ukasema anayesimama utamrudisha kwa mama yake. Leo nimepiga, unanirudisha benchi."

"Nilitaka mwondoke," mzee alisema. "Wageni walitaka hivyo. Ningefanyaje, mwanangu?"

"Benicio ulimfanyaje?"

Don Fausto alivua kofia, akaifikicha mikononi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Benicio alikuwa sahihi siku ile, na kwamba hajawahi kumwambia. Kisha akauliza, bila ukali wa kocha, kama akimwachia nafasi yake kesho ataweza kuuacha mpira wa nje.

Hasira haikumtoka Leuris. Ilitulia tu, kama mnyama aliyelala macho wazi.

"Nakuahidi, mzee. Kesho ukija wa nje nitasimama hadi kofia yangu iote mizizi. Lakini sisimami kwa ajili yako, nasimama kwa ajili ya Benicio. Na mechi ikiisha, tushinde tushindwe, nitakushika mkono nikupeleke kwake, ukamwambie mwenyewe."