Mlango Haukuwa Katikati

Naitwa Abdulrazaki, natengeneza filamu hapa Singida Mjini, na ukiona kazi yangu utaijua hata jina likifutwa. Kila kitu kiko katikati. Mlango katikati, mtu katikati ya mlango, alizeti kushoto na kulia zimelingana. Kuta nazipaka njano mwenyewe. Vijana waliponiambia nina mtindo, nikaanza kuvaa kofia hata ndani ya nyumba.

Mwaka juzi nilisikia kwamba Mama Felista wa kijiji cha Ihanja anamsubiri binti yake, Winfrida, aliyeondoka kwa ugomvi na baba yake na hakurudi hata baba alipozikwa. Sasa alikuwa amepiga simu kwamba anakuja. Nikaomba nirekodi siku hiyo. Mama Felista alikubali. Nilipokuwa naupaka ukuta wake njano, alinitazama tu, akauliza nitamaliza saa ngapi aanike mtama.

Winfrida alishuka kwenye bodaboda kabla sijawa tayari. Mama yake alitoka mbio, kanga inamdondoka, akamkumbatia pale pale penye banda la kuku. Banda la kuku! Huku ndoo, huku mbuzi.

"Kata! Kata!" nilipiga kelele. "Mama, samahani, naomba mrudie hapa mlangoni."

Wakaachana. Watu wa Ihanja ni wastaarabu, mgeni akiomba kitu wanampa. Winfrida akarudi barabarani na begi lake. Tulirudia na kurudia mpaka jua likakaa nilipotaka, na kufikia hapo walikuwa wanakumbatiana kama wagombea wawili mbele ya waandishi wa habari.

Nilipoionyesha filamu hiyo ukumbini mjini, makofi yalipigwa. Nikasimama mbele kungoja maswali. La kwanza lilitoka kwa fundi rangi wa Utemini: ile njano nimechanganya na nini? La pili: alizeti zile zinauzwa? Hakuna aliyeuliza Winfrida aliondoka kwa nini. Nikamtafuta Mama Felista kwa macho. Alikuwa amelala, mdomo wazi.

Nikamlalamikia dada yangu Kauthar, msaidizi wangu, kwamba watu wa Singida hawajui sinema. Alinipa simu yake.

Siku ile alikuwa amerekodi pale bandani. Picha imelala upande, kidole chake kimeziba kona. Mama Felista anamshika binti yake uso, mabega, mikono, akirudia, "Umekula? Umekula, mwanangu?" Winfrida analia. Anasema, "Baba alinitaja?"

Mama anafungua mdomo ajibu. Hapo inaingia sauti yangu: "Kata! Kata!"

Niliirudia mara nyingi, kana kwamba safari moja ningenyamaza.

Kesho yake nikaenda Ihanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo umekuja bila mashine?"

Nikamuuliza kama alimjibu Winfrida.

"Nilimjibu. Ulipokuwa unakusanya vyuma vyako."

"Ulimwambia nini?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe si ulisema tukate?"

Akanipa kigoda. Nikala ugali wa mtama na mlenda, sikuuliza tena.

Filamu tunayoonyesha sasa, kwa ruhusa yake na ya Winfrida, ni ile ya simu. Watu wanalia, halafu wanasikia kelele zangu, wanacheka huku wanajifuta. Jina linalotokea mwanzoni ni la Kauthar. Mimi nimeandikwa mwishoni, kwa herufi ndogo: sauti.