Bibi Harusi wa Siku ya Treni

Kila mtu mwenye umri wa kutosha anajua alikuwa wapi Siku ya Treni. Mwalimu alikuwa ubaoni na chaki mkononi. Kinyozi alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa cha mteja, na mteja akatoka mbio hivyo hivyo, akazunguka mji mzima na nusu kichwa bila mtu kumcheka. Asubuhi ile daraja la reli lilikatika, treni ya abiria ikaingia mtoni, na waliokufa walikuwa wengi kiasi kwamba hakuna mtaa uliokosa msiba. Tangu hapo, kila mwaka ikifika tarehe hiyo, bendera hushushwa nusu mlingoti, na saa ile ile daraja lilipokatika nchi nzima hunyamaza dakika moja. Kabla ya dakika hiyo na baada yake, watu huulizana: wewe ulikuwa wapi?

Fundi makochi alikuwa anaoa.

Kwa mtu mwingine jibu hilo lingetosha. Kwake lilikuwa mwanzo tu wa maswali, maana hakuwa na hakika kama alimaliza kuoa.

Mambo yalikuwa hivi. Ofisi ya msajili wa ndoa ilikuwa chumba kidogo chenye feni moja inayozunguka kwa kuombwa. Msajili, mzee mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, alimwuliza bwana harusi kama anakubali, naye akaitikia kabla swali halijaisha. Kisha mzee akamgeukia bibi harusi, akamwuliza yeye. Mlango ukafunguka. Tarishi wa ofisi akaingia amevaa kiatu kimoja, akasema daraja limekatika na treni ya asubuhi imezama. Bibi harusi akawa wa kwanza kutoka, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa anakuja harusini kwa treni hiyo. Wote wakamfuata, msajili naye akafuata, na feni ikabaki inazunguka peke yake.

Sasa, je, alikuwa ameshajibu? Hapo ndipo ukoo ulipogawanyika.

Dada mkubwa wa Fundi, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hajastaafu kuamrisha watu, alishikilia kwamba wifi yake alijibu vizuri tena kwa sauti, ndipo mlango ukafunguka. Msimamizi wa harusi, ambaye kazi yake ni kufundisha watu udereva na ambaye mpaka leo mtaa mzima humwita Msimamizi kana kwamba harusi haijaisha, alishikilia kwamba mlango ulifunguka kwanza. Walibishana kila mwaka, kila mmoja akitia chumvi kuliko mwaka uliopita. Bibi harusi mwenyewe akiulizwa alikuwa na jibu moja tu: "Watu wamekufa, ninyi mnauliza habari za harusi." Basi, mjadala unafungwa.

Fundi alikuwa anacheka pamoja nao. Ndiye aliyeigeuza habari ile kuwa kichekesho, na alijua kuisimulia: tarishi na kiatu chake, mzee na miwani yake, yeye mwenyewe akikimbia barabarani na viatu vya bibi harusi mkononi mithili ya mwizi. Watu walishika mbavu. Lakini hakumaliza kusimulia hata mara moja, maana mwisho wenyewe ulimkaa kooni. Yeye alikuwa amesimama kando ya bibi harusi pale ofisini, karibu kuliko wote, na hakusikia jibu lolote. Wiki iliyofuata, walipoitwa kwenda kukamilisha, mzee wa miwani alipekua makaratasi akauliza, "Tulikuwa tumefika wapi?" Na Fundi, jasho likimtoka, akasema, "Tulikuwa tumemaliza, mzee. Ilibaki kutia sahihi tu." Wakatia sahihi.

Kwa hiyo mtu huyu alikuwa amelala kitanda kimoja na mke wake, amelea naye watoto, ameezeka naye nyumba, na moyoni anajiona amempata kwa kupenya dirishani. Mara kwa mara, mke akinuna kwa jambo dogo tu, chumvi imezidi au nini, Fundi hujiambia: lo, leo ndiyo anajibu.

Mwaka huu mambo yaliharibika kwa sababu ya Dada. Redio ilikuwa imeanzisha kipindi cha asubuhi cha kumbukumbu, watu wapigiwe simu waeleze walikuwa wapi. Dada akapeleka taarifa huko bila kumwuliza mtu, kwamba kwao kuna bibi harusi wa Siku ya Treni, hai, na anaongea vizuri. Redio ikafurahi. Asubuhi ya kumbukumbu Dada akaja karakanani na simu yake kifuani, amevaa gauni la kwenda kuonekana, ingawa redio haioni.

Karakana ya Fundi ilikuwa imejaa makochi yaliyovuliwa nguo, mbao wazi, springi nje, sponji zimeegemezwa ukutani. Mkewe alikuwa kwenye cherehani kama siku zote, anashona vitambaa vya mito, maana katika biashara hiyo yeye hushona na Fundi hupigilia. Dada akachagua kochi pekee lililokuwa tayari, la mteja, akakaa katikati. Msimamizi, aliyekuja nyuma yake, akapata lile lisilo na mto, na kila alipojisogeza springi zilimfinya mahali ambapo mtu mzima hawezi kulalamika.

"Wifi, wakikuuliza, usiwajibu kwa mkato," Dada akasema. "Eleza. Waambie ulisema ndiyo, halafu mlango ukafunguka."

"Mlango ulifunguka kwanza," Msimamizi akasema.

"Wewe ulikuwa unaangalia keki."

"Keki ilikuwa mlangoni, Dada. Ndiyo maana nauongelea mlango kwa uhakika."

Fundi alicheka, lakini nyundo ilimpiga kidole. Alikuwa hajalala. Usiku kucha alijiona yuko mbele ya redio, nchi nzima inasikiliza, mke wake anaulizwa na anasema kweli. Angeweka wapi uso wake? Mteja gani angeleta kochi kwa mtu aliyeoa nusu? Akajaribu kupunguza sauti ya redio, Dada akampiga jicho, akaiongeza tena.

Simu ikalia. Dada akapokea kwa sauti ambayo ndugu zake hawajawahi kuisikia, laini, ya mtu aliyesomeshwa. Akaeleza ofisi, feni, tarishi. Akaeleza hata alivyovaa yeye. Mtangazaji alisema "naam" mpaka naam zikamwishia, ndipo akaomba azungumze na bibi harusi mwenyewe. Cherehani ikanyamaza. Mke wa Fundi akaichukua simu kwa mikono miwili.

"Mama, ulikuwa wapi?" mtangazaji akauliza, na sauti yake ikatoka mara mbili, kwenye simu na kwenye redio.

"Nilikuwa ofisini kwa msajili wa ndoa."

"Na tunaambiwa ulikuwa umeulizwa lile swali kubwa. Ulikuwa umeshajibu?"

Fundi akashika mgongo wa kochi.

"Nawapa pole wote waliofiwa," mke wake akasema. "Mungu awape subira. Asante." Akamrudishia wifi yake simu, akageukia cherehani. Mtangazaji akashukuru, akaenda kwa mtu mwingine, ambaye siku ile alikuwa juu ya nguzo ya umeme.

Mtu mwenye busara angeshukuru akaendelea na misumari yake. Fundi alikuwa ameponea chupuchupu. Lakini kuna wakati mtu anachoka kuogopa kuliko anavyoogopa, na Fundi alikuwa amefika hapo. Akaweka nyundo chini.

"Mke wangu," akasema, "hebu niambie mimi. Redio imeshaondoka. Ulijibu au hukujibu?"

"Alijibu," Dada akasema.

"Dada, kwa heshima zote, nyamaza kidogo."

Dada hajawahi kuambiwa hivyo na mdogo wake tangu alipomjua akiwa na kamasi puani. Akanyamaza kwa mshangao. Mke wa Fundi akautoa mguu kwenye kanyagio, akageuka kwenye benchi lake akawatazama wote watatu.

"Sikujibu," akasema. "Na kama mlango usingefunguka ningesema hapana."

Springi za Msimamizi zikalia, kisha zikatulia. Siku zote alichokiogopa Fundi ni kwamba hakujibiwa. Hili la kukataliwa hakuwahi hata kuliweka kwenye hesabu.

"Nilikuomba tumsubiri mama," mkewe akaendelea, bila ukali, akikunja kitambaa kilichokuwa mapajani. "Treni ilikuwa imechelewa, nikakuomba asubuhi yote. Ukatania. Ukasema mama atakuta makombo ya keki. Kila mtu akacheka, na mzee wa miwani akacheka. Nikasimama pale nikajiambia, huyu nitaishi naye vipi, mtu ambaye kila ninacholilia yeye anakicheka? Nikaamua. Mzee akauliza, nikafungua mdomo. Ndipo akaingia yule na kiatu kimoja."

"Sikujua," Fundi akasema.

"Ungejuaje? Ulikuwa unachekesha watu."

Fundi akamtazama Dada, kisha Msimamizi. Hakuna hata mmoja aliyemsaidia.

"Kisha tukakaa stesheni kutwa nzima. Wewe unasimulia ulivyokimbia na viatu vyangu, husimulii habari za stesheni. Hukutania hata mara moja. Kila aliyeletwa ulikwenda kumwuliza kama amemwona mama mwenye mwavuli wa bluu. Ulikuwa ukirudi unakaa chini sakafuni miguuni kwangu, huna la kusema, na hukujifanya unalo. Jioni mama akaja juu ya lori la kabichi."

Hapo hata Dada alitabasamu, maana habari ya lori la kabichi ilikuwa inajulikana. Mama mkwe alikosa treni kwa kurudi nyumbani kufuata mwavuli, akaomba lifti, na aliteremka stesheni akiwa mkali kuliko pilipili, anauliza nani amethubutu kuanza harusi bila yeye.

"Alipoteremka, uliyemfikia kwanza ni wewe, si mimi. Ukamshika ukalia mpaka akaniuliza, huyu kijana ana nini? Nikajua ninaolewa na nani." Akakiweka kitambaa juu ya cherehani. "Wiki ile mzee akauliza tulikuwa tumefika wapi. Wewe ukasema tumemaliza. Ulidhani sikusikia? Nilikuwa nimesimama kando yako. Nilijua ni uongo, na ulijua mimi najua, na nilikuwa na mdomo. Ningesema, mzee, hatujamaliza. Nikanyamaza. Jibu langu ndilo hilo."

Fundi alitaka kuuliza kwa nini basi, kwa nini miaka yote hii ameachwa anaungua peke yake. Hakuhitaji kuuliza.

"Ningewaambiaje?" mkewe akasema. "Watu walikuwa wanalala stesheni wakisubiri maiti zao, na mimi nimekaa katikati yao nina furaha. Mama yangu amerudi, na nimepata mume ambaye asubuhi nilikuwa namkataa. Treni isingezama ningerudi nyumbani peke yangu. Jambo kama hilo unalisema wapi? Redioni? Kila mwaka wanalia, nami nalia, lakini nalia na kushukuru, na naona haya."

Redio ikasema saa imefika.

Nchi ikanyamaza. Barabarani magari yakasimama, fundi wa jirani anayechomelea mageti akazima mashine yake, na muuza mitumba aliyekuwa anaita wateja akaishia katikati ya bei. Dada akainamisha kichwa. Msimamizi akasimama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akapata nafuu.

Fundi alikuwa na maneno tele. Alitaka kusema samahani, alitaka kusema asante, na kwa mazoea yake alitaka pia kutania, lakini ni dakika ambayo mtu hasemi. Akamtazama mke wake akilia. Kila mwaka alimwona akilia katika dakika hii, na kila mwaka alidhani analilia jibu lililompita. Ndipo, labda kwa mara ya kwanza, akawafikiria wale wa treni bila kujifikiria yeye. Akamfikiria mama mwingine aliyevaa vizuri, anakwenda harusini kwa binti yake, ambaye hakusahau mwavuli. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Akainuka, akapita katikati ya makochi, akaketi kwenye benchi la cherehani kando ya mkewe. Benchi lilikuwa la mtu mmoja. Mkewe akasogea, naye Fundi akasogea.

Dakika ikaisha. Honi zikaanza barabarani, mashine ya jirani ikawaka, redio ikapiga muziki wa taratibu. Msimamizi akakohoa, akasema, "Basi, jamani." Dada akauliza nani anataka chai. Wale wawili hawakumjibu. Waliendelea kunyamaza, bega kwa bega, na Dada, ambaye hajawahi kuona ukimya wa watu akauacha upite hivi hivi, safari hii akauacha.