Utasikia Mara Moja Tu

Usingizi unamchukua Saumu Kijazi akiwa amekaa wima kwenye kiti cha mtihani, spika za masikioni zimembana, kalamu ipo mkononi. Amekuja jijini na basi kutoka Tanga, basi limeharibika Mkata, abiria wamekaa kando ya barabara mpaka kukapambazuka, na sasa feni ya dari inazunguka taratibu na sauti ya mwanamke wa Kijerumani inamwambia, kwa upole kabisa, utasikia mazungumzo yafuatayo mara moja tu. Mtihani ni wa Kijerumani, ngazi ya B moja, ngazi ya tatu ukihesabu kutoka chini, na ofisi ya watoto ya mji mmoja huko Ujerumani imeshasema kwamba bila ngazi hiyo hapati ruhusa ya kwenda kuishi na mwanawe. Mwanawe anaitwa Nurdini, ana miaka kumi na sita. Baba yake, Holger, Mjerumani aliyekuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge, alimchukua akiwa na miaka minne kwenda kutibiwa moyo. Mtoto akapona, akaanza shule, ndoa ikafa kwa sababu ya umbali, na Kiswahili kikamtoka Nurdini kidogo kidogo kama rangi inavyotoka kwenye nguo, kila simu imepauka kuliko ile iliyopita, mpaka likabaki neno mama peke yake. Mwaka jana Holger akafariki. Sasa mtoto yuko kwa shangazi yake, Gudrun, mwanamke mwema asiye na neno la Kiswahili na anayeongea haraka mno.

Jumapili iliyopita Nurdini alipiga simu ya video, jambo asilolifanya. Alisema sentensi moja ndefu ya Kijerumani huku anatazama pembeni. Saumu alishika maneno manne: mimi, hapa, kukaa, nataka. Akatabasamu kama wanavyofundishwa kutabasamu kwenye sehemu ya kuongea, akajibu, vizuri sana, mwanangu, kaa. Mtoto alimtazama kitambo, kisha picha ikakatika. Tangu siku hiyo simu yake inaita tu. Shangazi anaandika kwamba anapumzika. Mwalimu wake wa lugha, Bwana Mkufya, alimwambia, dada Saumu, hayo si maneno mabaya, anataka kukaa, basi, usijitie presha. Lakini Saumu alikuwa amempelekea yale manne tu. Mtu hawezi kukariri asichokielewa, na yaliyokuwa katikati yalikwisha kupotea kabla hajaishusha simu.

Ndiyo maana sauti iliyo masikioni inaposema mara moja tu, anafumba macho, na sauti inaendelea, inasema inuka, fungua mlango, na ingawa anajua kwamba kwenye karatasi hakuna maagizo ya namna hiyo, anainuka, anafungua mlango wa ukumbi, na nje hakuna ua wala jiji, kuna barabara. Barabara nyeupe, inakwenda mpaka macho yanachoka. Pande zote mbili zimepangwa nyumba za vioo, na kila nyumba inaonyesha ile inayoielekea, hata huwezi kujua ipi ni nyumba na ipi ni taswira yake. Katikati amesimama mtu mwenye beji ya msimamizi kifuani, na pale uso unapotakiwa kuwa pamekaa ngozi tupu, laini, kama sahani iliyokwisha kuoshwa. Mtahiniwa, anasema, twende. Saumu anauliza, twende wapi. Anajibu, unakwenda kule unakoeleweka. Mwanangu yuko wapi? Yuko nyuma ya neno uliloliruka. Nami niko ngazi gani? Uko pale ambapo watu wanaacha kukusahihisha. Saumu haambulii kitu, lakini barabara imekwisha kuanza kutembea chini ya miguu yake.

Mji wa kwanza umejaa watu waliovaa kama wanaokwenda kupiga picha ya pasipoti, na kila mmoja anajitambulisha kwa kila mmoja. Naitwa Amalia. Natoka Moshi. Napenda kuogelea. Naitwa Tito. Nina kaka mmoja. Saa ngapi sasa? Saumu anaelewa yote, na kwa muda mfupi moyo wake unakuwa mwepesi, anatembea katikati yao akiitikia, naitwa Saumu, natoka Tanga. Kisha anafika mbele ya mwanamke aliyekaa kizingitini amempakata mtoto kwenye kanga. Huyu ni mtoto wangu, anasema yule mwanamke. Ana miaka mitatu. Anapenda mpira. Saumu anainama amtazame, na anaona kwamba mtoto midomo yake imekuwa ya kijivu na kifua hakipandi. Anataka kusema, dada yangu, pole, huyu mtoto ameshatutoka, nipe nimshike. Anafungua mdomo, na kinachotoka ni naitwa Saumu, natoka Tanga. Yule mwanamke anaitikia kwa kichwa. Anapenda mpira, anasema tena, na macho yake yanafanya kazi yote ambayo mdomo haujaruhusiwa. Saumu anamgeukia msimamizi. Kwa nini hasemi? Msimamizi anajibu, wakati uliopita unafundishwa mji wa pili.

Penye lango la kutokea kuna meza, na juu ya meza kuna kibaba cha mbao kama vile vya kupimia mchele. Msimamizi anamwambia aongee ndani yake. Saumu anaongea, maneno yanaanguka ndani moja moja, makavu, mpaka kibaba kinafurika, na yule mtu anapitisha kiganja juu yake, anasawazisha, kilichozidi kinamwagika chini. Saumu anatazama kilichomwagika na kukitambua. Ni yale majina aliyokuwa akimwita Nurdini alipokuwa mchanga, majina ya kitandani, ya kuogeshea, ambayo hayakuwa na maana yoyote kwa mtu mwingine. Anapiga magoti kuyakusanya. Acha, msimamizi anamwambia, bila ukali. Hayo hayana ngazi.

Mji wa pili ni ule ule, umegeuzwa tu, mlango uliokuwa kulia uko kushoto. Watu ni wale wale. Hapa wameruhusiwa neno jana. Jana nilifanya kazi kiwandani, anasema Tito. Halafu mashine ilikata mkono wangu. Halafu nilikunywa chai. Anainua mkono usio na kiganja kumwonyesha. Amalia naye anasema alikwenda ziwani, halafu rafiki yake alizama, halafu walikula keki. Kila kitu kimepangwa kwa halafu, kimelala sawasawa, msiba na chai vina uzito mmoja, kwa kuwa hakuna mtu mwenye neno la kuunganisha jambo na sababu yake. Mwanamke wa kizingitini yupo. Juzi mtoto wangu aliumwa, anasema. Halafu alikufa. Halafu mvua ilinyesha. Saumu sasa anaweza, anamwambia, pole sana, dada. Mwanamke anamshukuru. Anasubiri kitu zaidi, na Saumu anatafuta zaidi hiyo, anaitafuta mdomoni mwake mwote, hakuna.

Hapo ndipo anapomwona. Nurdini yuko ndani ya kioo cha nyumba ya mkabala, si nyuma yake, ndani yake kabisa, amevaa lile sweta la bluu alilovaa Jumapili, anatazama pembeni, na midomo yake inasema ile sentensi. Saumu anaweka sikio kwenye kioo. Kioo ni baridi. Mimi. Hapa. Kukaa. Nataka. Yale yale manne. Lakini sentensi inarudi, na safari hii mbele kabisa, kabla ya yote, kuna neno jingine, na neno hilo ni sijui. Sijui. Saumu anabandua sikio kana kwamba limeungua. Sijui na nataka vimekaaje kwenye sentensi moja? Anamuuliza msimamizi, katikati yake kuna nini? Anajibu, kuna neno dogo kuliko yote. Dogo kiasi gani? Kiasi cha mlango, anasema, ukiwa nje unauona mdogo. Saumu hasubiri kupimwa. Anakimbia, anapita pembeni ya meza na kibaba chake, na nyuma yake msimamizi hamfuati, anasema tu, kwa sauti ile ile ya upole ya kwenye spika, mbele huko hakuna anayerudishwa, wanabaki wenyewe.

Mji wa tatu hauna kelele za kujitambulisha. Watu wamesimama barabarani, kila mmoja ameelekea ukuta wake wa kioo, na wote wanazungumza kwa sauti ya chini, bila kupumzika, na kila wanachosema kinaanza na kama. Kama nisingaliigusa ile mashine. Kama tungalirudi ziwani mapema. Mwanamke wa kizingitini amesimama nao, hana mtoto tena, kanga imekunjwa begani. Kama ningalimpeleka hospitali asubuhi, anasema, kama nisingalingoja jua lipungue. Hii ndiyo ngazi ambayo Saumu ameitafuta miezi yote hii kwa vitabu na kaseti za Bwana Mkufya, ngazi ambayo mtu anaweza kueleza sababu na kueleza ambayo hayakutokea, na anaona walioifikia wanaitumia kufanya nini. Anataka kuwapita. Mdomo wake unafunguka wenyewe. Kama nisingalikubali apande ile ndege. Kama ningalianza kujifunza alipokuwa na miaka mitano. Kama Jumapili ningalisema, rudia, mwanangu, sikuelewa. Miguu inaanza kuwa mizito, uso wake unatokea kwenye kioo kilicho mbele yake, umekaa vizuri, tayari kwa mazungumzo marefu. Anajiuma ulimi mpaka anaonja damu, ndipo anapata kuondoka.

Mwisho wa mji kuna benchi la kituo, na Nurdini ameketi. Wakati mwingine ana miaka minne, miguu haifiki chini, wakati mwingine ana kumi na sita na mabega ya baba yake. Anatazama pembeni. Anasema, na safari hii hakuna kioo, hakuna mtandao unaokatika, sentensi inamfikia Saumu nzima, na kile kineno cha katikati kinafunguka. Mama, sijui kama bado nataka kuendelea kukaa hapa. Kumbe ndiyo hiyo. Kama, na bado. Vineno viwili ambavyo aliviruka kukimbilia vile vikubwa. Saumu anaanguka mbele yake, anamshika magoti, anamwambia yote kwa mkupuo, hapa wapi, Nuru yangu, hapa kwa shangazi, au hapa duniani, niambie hapa ni wapi, nakuja, usiende popote, nakuja hata bila karatasi. Nurdini anamtazama mdomoni. Anasubiri amalize. Kisha anatabasamu, tabasamu la mtu anayetaka kuonekana ameelewa, na Saumu anajua yeye mwenyewe amesema kwa lugha gani. Anatafuta ile nyingine, ya kibaba, iliyopimwa na kusawazishwa, na inampa mkate, inampa saa, inampa kuogelea. Hapa ni wapi, anamuuliza msimamizi ambaye sasa amesimama nyuma ya benchi. Msimamizi anainamisha ile sahani yake. Hapa haipimwi, anasema. Muda umekwisha.

Muda umekwisha, mama, weka kalamu chini, tafadhali. Mkono uko begani mwake. Ni msichana wa wasimamizi, ana uso, ana jasho juu ya mdomo, feni inazunguka. Mama unaumwa? Karatasi ya majibu ni nyeupe kuanzia juu hadi chini. Saumu anaitazama kama ya mtu mwingine, anavua spika, anachukua mkoba wake na kutoka wakati wenzake bado wanakusanyiwa karatasi. Sentensi iko kichwani, nzima, na hajui kama usingizi umemrudishia alichokisikia Jumapili au umemtungia. Kuna mtu mmoja tu wa kumuuliza. Anasimama kwenye ngazi za nje, juani, anampigia Gudrun.

Gudrun anapokea kabla simu haijaita sawasawa. Analia. Anaongea haraka kama kawaida yake, na Saumu anafungua mdomo kumwomba aende polepole, kisha anaufunga, kwa sababu haina haja. Nilikuwa nakutafuta, Gudrun anasema, ingawa sikujua ningekuambiaje. Alitoka jana asubuhi kabla sijaamka. Nilidhani amekwenda shule, ndiyo maana sikuuliza mapema. Wamekuta baiskeli yake na koti karibu na daraja. Polisi wako mtoni tangu jana jioni, na mpaka sasa hawajapata kitu, na wanasema kwamba kama hajapatikana kufikia usiku watapunguza watu. Nilimuuliza Jumamosi kama ana jambo, akasema atamwambia mama yake kwanza. Alikuambia nini, Saumu? Kila neno linafika. Vile vineno vidogo vyote vinafika, ingawa na ndiyo maana na mpaka, vimekaa mahali pake, na vitenzi ambavyo Kijerumani huviweka mwishoni mwa sentensi anavijua kabla havijatamkwa. Hajawahi kumwelewa Gudrun hivi. Hajawahi kumwelewa mtu yeyote kwa Kijerumani hivi, hata Bwana Mkufya akisoma polepole kitabuni.

Anakaa chini kwenye ngazi. Saruji inachoma, harufu ya mihogo inayokaangwa inatoka ng'ambo ya barabara, mtu anapita anamwamkia shikamoo mama na anaitikia marahaba. Yote yamekaa kama yanavyokaa. Lakini anaelewa kila neno, na mtu wa ngazi yake haelewi kila neno, kwa hiyo bado amelala. Anaishika hoja hiyo kwa mikono miwili. Gudrun anauliza, upo? Saumu anamjibu kwa Kijerumani kisicho na kosa hata moja, nipo, endelea, nakusikia, na anakaza macho kwenye jua akisubiri kuamshwa.