Ngozi ya Barke

"Usimeze mate," Salme alimwambia. "Ukimeza, koo linapanda, na kidonda kinapasuka kabla ya wakati wake."

Barke akatulia. Alikuwa kalala chali mkekani, shingo wazi, na Salme kamwinamia na bakuli la wanga wa muhogo uliopikwa ukawa mzito kama kamasi. Alipaka tabaka, akalipepea likakauka, akapaka jingine juu yake. Lilipoanza kujikunja akalichana kwa ukucha, akatia hina ndani ya ufa na masizi ya sufuria pembeni.

Phineas, kijana wa Changamwe aliyezoea kupiga video za arusi, alichungulia kwenye kamera yake, akainua kichwa haraka. Akauliza mama kaitoa wapi kazi ile.

Salme akaendelea kupaka. Aliitoa usoni mwake. Ndui ilimpitia utotoni ikamwachia mashimo, na hakuhitaji kufundishwa jinsi ngozi inavyovimba, inavyopasuka, na rangi ya ukingo wake siku ya pili. Kazi yake pale Mtongwe ilikuwa kupamba maharusi: kuwasinga mwili, kuwatia hina na piko, ile rangi nyeusi. Miaka yote alipapasa ngozi nzuri za watoto wa watu, akanawa, akarudi kwake na uso wake. Hakupata kuolewa. Wivu aliokuwa nao ulikuwa wa zamani, kama goti bovu: ukikaa vizuri huusikii.

Filamu ya Phineas, aliyoigiza Barke, ilikuwa ya mwanamke anayeazima uzuri kwa jini. Jini anapokuja kudai chake, ngozi inamtoka mwanamke vipande vipande. Waliipiga Ijumaa baada ya Ijumaa ndani ya ghala bovu la nazi, na kila kipande cha ngozi kilichoanguka kilitoka mikononi mwa Salme.

Filamu ilitoka mwaka wa tisini na moja, baada ya Idi, kwenye banda la video Likoni. Watu walijaa mpaka madirishani. Shingo ya Barke ilipofunguka, mwanamume mzima alikimbia akaacha viatu. Salme alikuwa benchi la nyuma, upande wa wanawake, na moyo ulimjaa hata akasahau kupumua. Kisha yakaja maandishi ya mwisho. Barke, kwa herufi kubwa. Phineas, mara tatu. Salme akangoja mpaka kioo kikawa cheusi. Nje watu walikuwa wamemzunguka Barke kama bibi arusi, wanamgusa shingo ile laini na kucheka.

Goti likaamka.

Kicheko hakikukaa sana. Mwenye kibanda cha mkaa ndiye aliyeanza. Alisema wageni kwenye video wakifa tunajua hawafi, ni kazi yao. Lakini huyu Barke si mgeni, tunamjua mpaka bibi yake. Mgeni huigiza, jirani anaigizaje? Basi yale yalimtoka kweli, na Phineas aliyakuta tu akayapiga. Ikaaminika. Wanawake wakaacha kupokea chochote mkononi mwa Barke.

Kwenye mfereji wa maji walimuuliza Salme, maana ndiye somo wa Barke, aliyemfunda tangu alipovunja ungo. Angeweza kuumaliza uvumi palepale. Alisema, "Ya mwilini mwa mtu huyajua mwenyewe," akajitwika ndoo. Maneno hayo yakavuka kivuko, yakafika Kisauni kwa kina Idarus, mchumba wa Barke.

Barke akaja macho yamevimba. Akamwamkia, akamwomba awaambie watu ukweli.

"Niseme ni kazi yangu?" Salme akamuuliza. "Mbona jina langu halimo?"

"Phineas aliliandika, somo. Mimi nikamwambia alitoe." Barke alitazama chini. "Nani atakupa mwanawe umtie hina, akijua mkono uliotengeneza yale ni huo?"

Salme akautafuta uongo kwenye uso ule. Uso laini hauna mahali pa kushika. Pengine yalikuwa mapenzi. Pengine binti alitaka kioo chote kiwe chake. Akamwambia aende, atafikiri.

Hakupewa muda wa kufikiri. Kesho yake alikuwa anamtia piko Nyevu, aliyekuwa anaolewa Jumapili, Bi Mwanaima, mama yake Idarus, alipobisha hodi. Hakukaa. Kwao, neno la somo juu ya mwili wa mwari halipingwi, na ndilo alilolifuata.

"Wewe umemlea yule mtoto," akasema. "Nambia kweli. Ana nini?"

Ilitosha kunyamaza. Salme aliuona ukimya ule na faida yake: Barke nyumbani kwao, na ngozi yake nzuri isiyo na wa kuitazama, wawe sawa.

"Watu wasema ni jini," Bi Mwanaima akaendelea. "Wasema binadamu hawezi kufanya kitu kama kile."

Salme akaacha kuchora. Muda wote ule alidhani anamwonea wivu Barke; kumbe kilichomuuma ni kazi yake kupewa mwingine, hata jini.

"Jini gani?" akasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Vile vidonda. Kila kimoja. Mwili wa Barke hauna hata kovu la mbu. Nimevifanya mimi kwa wanga wa muhogo na hina, na hakuna jini aliyenisaidia."

Sauti yake ilikuwa na raha ndani yake, na wote watatu waliisikia. Bi Mwanaima aliitazama ile mikono, akakusanya buibui lake, akatoka bila kuaga.

Mkono wa Nyevu ulikuwa bado kiganjani mwa Salme. Ua lilikuwa limechipua majani upande mmoja tu, hadi penye kifundo. Nyevu hakuuvuta, wala hakuuacha ulale kama mwanzo; ulikuwa umekuwa mwepesi, kama kitu kinachojishikilia chenyewe. Salme akachovya kijiti kwenye piko, akakishika juu ya ngozi ile, akangoja Nyevu aamue.