Chama Kimeokolewa, Sisi Je?

Eufrazia alikuwa na wazimu wa kantri, zile nyimbo za Wamarekani wenye kofia pana. Alizizoea Lusahunga kabla ya kuolewa Ngara, akiwauzia chai madereva wa malori waliokuwa wakizipiga kutwa. Maneno hakuyaelewa, lakini kilio cha mkulima, jamani, kina lugha? Akanunua gitaa, akaanza kutunga zake kwa Kiswahili.

Chama cha ushirika cha kahawa kijijini kwao kilifilisika. Serikali ikakimwagia mabilioni kukiokoa, na chama kikaokoka kweli: ofisi ikapakwa rangi, mwenyekiti Philbert akapata gari jipya. Na wakulima waliokwisha kupeleka kahawa yao, walilipwa? Thubutu! Waliambiwa wavute subira.

Kisha ikatangazwa sherehe ya kuishukuru serikali, na Philbert akamtaka Eufrazia atumbuize.

"Uimbe shukrani," alimwonya. "Ukileta maneno yako, kahawa yako hatuipokei. Tuone utaiuza wapi."

Pengine pa kuiuza hapakuwapo, na ada ya watoto ilitoka kwenye mibuni ile ile.

"Mwanangu, imba wanachotaka," mama mkwe wake, Verediana, alimsihi asubuhi ya sherehe. "Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nimeubusu mpaka midomo imechubuka, mama," Eufrazia akajibu, akabeba gitaa.

Uwanjani alianza kwa upole: "Philbert, ee Philbert, simama tukuone..."

Kwao, anayetajwa kwenye wimbo husimama akacheza mpaka wimbo uishe. Akiketi kabla haujaisha, amekiri kuwa wimbo umemshinda. Philbert, kwa kuzoea kusifiwa, hata mstari wa pili hakuungoja. Aliinua mikono kama pembe za ng'ombe, akatamba mbele ya wageni wa wilaya. Ndipo Eufrazia akaachia:

*Chama mmekiokoa, mimi ataniokoa nani?*
*Kahawa yangu mmebeba, chungu changu kikavu.*
*Gari lako linanguruma, Philbert,*
*linakunywa jasho la nani?*

Loo! Miguu ya mwenyekiti ikawa mizito. Akatazama kiti, akatazama watu, akaendelea kujikongoja. Hasira ya Eufrazia ilikuwa imeizidi hofu. Akapandisha sauti.

"Kahawa yako hatuipokei tena!" Philbert akafoka, mikono ingali juu.

Eufrazia akawaona akilini wanawe wamerudishwa nyumbani na madaftari yao kwa kukosa ada, na vidole vikamganda kwenye nyuzi.

Verediana akainuka taratibu, akajifunga khanga kiunoni.

"Na yangu usiipokee!"

"Na yangu!" akadakia jirani yake.

"Yangu pia! Utapokea majani!" wakapiga kelele wanaume wa nyuma, na uwanja mzima ukalipuka. Mwenyekiti wa chama kisicho na kahawa, niambieni, ni mwenyekiti wa nini?

Philbert akaanza kurudi kinyumenyume, akipapasa kiti.

"Usikae, mzee," Eufrazia akamwambia, vidole vikianza tena kupiga nyuzi. "Bado beti tatu."