Simu Yako Sasa Itatulia

Neno lilimjia usingizini. Alikuwa amejilaza saa nane mchana, dirisha wazi, pazia likivutwa nje na kurudishwa ndani na upepo mvivu, na mbele ya macho yake yaliyofumbwa ikapita simu iliyolala juu ya mto kama mtoto aliyekwisha kunyonya. Mtu asiyeonekana akasema: imetulia. Aliamka na alama za mkeka shavuni, akaenda mezani pekupeku, akafuta maneno aliyokuwa akihangaika nayo tangu asubuhi, akaandika: Ili betri yako idumu, simu yako sasa itatulia. Akaisoma kwa sauti, akaisoma tena. Ilikuwa sentensi nzuri, na ubaya wote ulianzia hapo.

Kazi yake ilikuwa kuzitafutia simu maneno. Kampuni moja kubwa ilimtumia sentensi zake kwa lugha ya huko ilikotoka, naye akazitia katika Kiswahili: Kubali. Baadaye. Subiri kidogo. Jaribu tena. Ni kazi isiyo na sifa. Mtu husoma Jaribu tena mara mia kwa mwezi na asijiulize hata siku moja ni nani anayemwambia hivyo. Mwenyewe aliipenda namna hiyo, kukaa ndani ya viganja vya watu asijulikane. Kaka yake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, alikuwa amempachika jina la Kamusi alipokuwa msichana wa miaka saba, kwa ile tabia yake ya kuwasahihisha wakubwa, na jina likamganda mpaka majirani wakalisahau lile la kwanza.

Siku ile kampuni ilitaka kuwajulisha wenye simu za zamani kwamba wakipokea programu mpya, simu zao zitapunguzwa kasi. Kamusi aliandika hivyo hivyo: itapunguzwa kasi. Msimamizi wake, mtu aliyemfahamu kwa barua pepe tu, akamrudishia. Inatisha, alisema, tafuta neno lenye upole. Basi akalitafuta, na usingizi ukamsaidia. Msimamizi, ambaye Kiswahili hakukijua hata cha kuombea maji, aliuliza maana yake, naye akamweleza kwamba husemwa juu ya upepo uliokoma, juu ya mtoto aliyeacha kulia, na juu ya kijana mwenye adabu zake. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: hilo hilo. Kamusi alifurahi mpaka usiku. Alijua kwamba mwezi ule ule kampuni ingetoa simu mpya, alijua kujumlisha moja na moja, na bado alifurahi.

Programu ikatumwa, watu wakabonyeza Kubali, na simu zikatulia kweli. Kamusi akaanza kuwaona kila mahali, kwenye foleni ya benki, kwenye ngazi za ofisi, mlangoni pa duka la dawa: mtu amesimama wima, kidole kimoja hewani, macho kwenye kioo, uso wa anayejaribu kukumbuka jina. Aliwaota pia. Katika ndoto hizo mji mzima ulisimama hivyo, mabomba yameshikilia tone lisidondoke, nguo kwenye kamba zimejaa upepo usiokwenda popote, naye akipita katikati ya watu wale kwa ncha za vidole, akiogopa kumgusa mtu. Aliamka amechoka kuliko alivyolala. Mitaani wengi walinunua simu mpya. Waliobaki walisema ngojangoja huumiza matumbo, wakaendelea kungoja.

Kaka yake alikuwa miongoni mwa waliobaki. Alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba kimoja barabarani, cherehani mbili, pasi nzito na meza ya kukatia iliyolainishwa na miaka. Vipimo vya wateja wake wote vilikuwa ndani ya simu. Mteja akija, fundi huifungua, simu hutulia, mteja hutazama saa, hukohoa, husema atapita kesho.

Hapo likazuka jambo ambalo Kamusi hakulitegemea. Kaka hakuilaumu simu, alijilaumu yeye. Alidhani anabonyeza vibaya, kwamba vidole vimekufa ganzi kwa sindano na akili nayo imeanza kuburura miguu, kwa kuwa baba yao alianza kupotewa na mambo akiwa na umri huo huo. Na mtu akishaamini kuwa amezeeka, mwili haubishi. Fundi aliyekuwa akikata suti kwa macho akaanza kuchora chaki mara mbili, mara tatu, kisha kupima alichokwisha kupima. Wateja waliokimbia simu sasa wakaikimbia na chaki. Alikuwa na miaka hamsini na minne tu.

Jumapili moja, wakiwa wamekaa barazani kwake, alimwambia dada yake kwamba amekwisha kuzungumza na jirani yake, muuza viatu, kuwa atamwachia chumba cha kazi mwisho wa mwezi. Hakulia wala hakulalamika. Alisema kila chombo kina siku yake ya kutundikwa ukutani.

"Ni umri tu, Kamusi," alisema akitabasamu. "Nami acha nitulie."

Neno lile lilimchoma kama pasi. Angemweleza palepale, maana lilikuwa jambo la dakika mbili, lakini akasema kwamba amesahau kuzima jiko, akaondoka. Hakuwa hata amepika siku hiyo.

Wiki hiyo hiyo tume ya kuwalinda wanunuzi ikafungua shauri dhidi ya kampuni, na wakili wa kampuni akampigia Kamusi simu. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye sauti ya mtangazaji, aliyemwita dada tangu salamu ya kwanza. Hakutaka uongo, alisema, Mungu apishie mbali. Alitaka jambo moja dogo: aieleze tume kwamba kutulia, katika Kiswahili, ni pamoja na kupunguza mwendo. Kwani dereva anayekimbia haambiwi tulia? Basi. Watumiaji walionywa kwa lugha yao wenyewe, wakakubali kwa vidole vyao wenyewe. Aliongeza, kama aliyekumbuka ghafla, kwamba mkataba wake wa kazi unakaribia kwisha na kampuni haina sababu ya kumtafuta mwingine. Kamusi akasema atafika.

Alikwenda bila kujua atasema nini. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa kusitasita, na mwanga wa asubuhi uliingia kupitia vioo vichafu hata kila mtu akaonekana yuko chini ya maji ya chai. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba. Alilisoma lile onyo taratibu, kisha akauweka mkono juu ya karatasi.

"Nieleze, mwanangu. Nikikwambia mume wangu ametulia, umeelewa nini?"

"Nimeelewa kwamba una bahati, mama."

Ukumbi ukacheka, hata wakili. Mwenyekiti aliwaacha wamalize.

"Na nikikwambia simu yangu imetulia?"

Kamusi aliona macho ya wakili yakimngojea kwa upole. Ingetosha kusema neno dereva. Lakini aliyemjia akilini alikuwa fundi mmoja ameinamia kitambaa, akipima kwa mara ya tatu.

"Nitaelewa kwamba haina tatizo," alisema. "Ndiyo maana nililichagua. Nilijua simu itakwenda polepole, na nilijua kwamba ukilisoma neno hilo hutajua."

Mchana faini ikasomwa. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba msomaji alilazimika kurudia ile hesabu, na watu wakapiga makofi. Kamusi alijitahidi kufurahi. Wakili alimkuta kwenye ujia, amesimama dirishani, na ajabu ni kwamba hakuwa na kinyongo.

"Usijitese, dada," alimwambia. "Faini hiyo ilitengewa fungu kabla simu ya kwanza haijatoka kiwandani. Sisi tunaiita mwavuli. Unajua mvua itanyesha, unaubeba, unaendelea na safari."

Kamusi akamwuliza faini ingekuwa na ukubwa gani ndipo safari yenyewe ikome. Wakili alifikiri kweli, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

"Ishinde faida," alisema hatimaye. "Lakini ya namna hiyo sijaiona, na kazi hii nina miaka ishirini nayo." Akamtakia heri, akamwambia kwa masikitiko ya kweli kwamba sentensi za simu inayokuja atapewa mtu mwingine.

Nje mvua ilikuwa imenyesha na kukatika. Alitembea kwa miguu mpaka kwa kaka yake, mji mzima ukiwa umelala kichwa chini ndani ya madimbwi, na njia akaiona fupi kuliko alivyotaka. Tume ilikuwa mzigo mwepesi. Wale walikuwa wageni, na mbele ya mgeni mtu huweza kupiga moyo konde. Mbele ya mtu aliyekufunga kamba za viatu, konde lenyewe hulegea.

Alimkuta akikunja kitambaa cha kijivu cha suti ya bwana harusi, oda nzuri kuliko zote alizopata mwaka ule. Alikuwa anakifunga kwa uzi ili akirudishe kwa mwenyewe, mzima, hakijaguswa na mkasi, kwa sababu hakuuamini tena mkono wake.

"Kaka, si wewe."

"Si mimi nini?"

"Unayechelewa. Ni simu. Waliipunguza kasi makusudi ili ununue nyingine. Vidole vyako havina kitu, wala akili yako haina kitu."

Akamweleza yote, mpaka usingizi wa mchana ule na furaha yake, hakujibakizia kitu. Fundi alisikiliza akiwa ameushika uzi. Dada yake alipomaliza, fundi alimwomba arudie mwanzo tu, pale aliposema si wewe, naye akarudia.

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima, kila ninaponyoa ndevu, namwona baba kwenye kioo."

Alikaa kwenye kigoda akajifuta macho kwa pindo la kitambaa cha mtu, jambo ambalo asingemruhusu mwanafunzi wake yeyote alifanye. Kamusi alisimama palepale, akingoja kukaripiwa. Alikuwa amejiandaa kwa hilo njia nzima. Alikuwa tayari hata kufukuzwa.

"Lile neno nililijua kuwa lako," kaka alisema. "Maneno mengine yote ya simu yanaongea kama karani. Lile lilikuwa linaongea kama wewe. Nilimwita muuza viatu nikamwonyesha, nikamwambia, huyu ni mdogo wangu anazungumza humu. Ndipo nikabonyeza."

"Kaka..."

"Hata ungeandika kwamba itakufa kesho, ningebonyeza. Sikuwa nasoma. Nilikuona wewe."

Kwa hilo Kamusi hakuwa na kinga. Alilia kwa sauti, kama alivyokuwa akilia utotoni, na kaka yake alimwacha alie, hakumwambia nyamaza wala hakumwambia yamekwisha. Barabarani watu walipita wakirukaruka madimbwi. Mmoja alichungulia mlangoni, akaona si pa kuingilia, akaendelea na njia yake.

Kisha fundi akainuka. Alikifungua kile kitambaa cha kijivu, akakitandaza juu ya meza mpaka kikaning'inia upande wa pili, akakipapasa kwa kiganja kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kitambaa kikishakatwa hakirudi kwa mwenyewe. Kila fundi anajua hilo, na hata asiye fundi. Akachukua mkasi mkubwa. Chaki aliiacha ilipokuwa.

"Shika upande ule," alisema. "Ukaze, usitikisike."

Kamusi akashika kwa mikono yote miwili. Mkasi ukaingia kwenye kitambaa, ukaanza kuja upande wake.